Mwacheni mtoto ale yai, likagueni godoro

SEHEMU YA 1: Kilo nane na pointi mbili

Wamama wenzangu, leo nakuja na hasira kidogo, mnivumilie. Nimeandika hii usiku nimetoka zamu, miguu imevimba, lakini nikilala nayo itanichoma.

Wiki hii nimempima uzito binti wa mwaka mmoja na miezi minane. Kilo nane na pointi mbili. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa unapanda vizuri mpaka miezi tisa, halafu ukalala, halafu ukaanza kushuka. Mama yake si mzembe. Mtoto msafi, kadi imehifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni, kliniki hajakosa hata mwezi mmoja. Kosa lake ni kwamba alisikiliza kila mtu.

Mtoto ana pumu ya ngozi. Jirani akasema ni mayai, akaacha mayai. Wifi akasema ni maziwa, yakaondoka. Duka la dawa wakamwambia samaki na karanga ndiyo wabaya zaidi. Mama mkwe akaongeza maharage. Mtoto akabaki na uji mweupe wa sembe, wali na mchuzi wa mchicha. Miezi kumi na moja hivyo.

Ngozi je? Kope zimevimba, shingo imekuwa ngumu kama gome, mashavu yana magamba, mikono imejaa alama za kucha. Mama ananitazama machozi yanamlenga: "Sista, nimeacha vyote. Mbona bado anajikuna?"

Nikamuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Analala wapi? Kati yetu. Godoro la muda gani? Tulioana nalo. Mto? Wa sufi, alinipa mama. Usiku mnachoma dawa ya mbu? Kila siku. Madirisha? Tunafunga saa kumi na mbili, mbu wengi. Asubuhi anaamkaje? Anaamka anajikuna uso.

Jamani. Mtoto amenyimwa yai miezi kumi na moja, na kila usiku saa kumi analaza uso wake juu ya kitu ambacho hakuna aliyekigusa.

(Nimebadilisha mambo madogo asitambulike. Na mama mwenyewe ameniruhusu.)

SEHEMU YA 2: Kabla hamjanirukia, na mimi nilifanya

Nianze na dhambi yangu. Mtoto wangu wa kwanza alipata vipele mashavuni ana miezi mitano. Nesi mzima, nimesoma diploma yangu miaka mitatu, nikaacha mwenyewe kula mayai, samaki na karanga kwa sababu nilikuwa nanyonyesha. Nilikonda, nikawa nalia hovyo, mtoto akaendelea kujikuna. Mbaya zaidi, kwa miaka kama miwili niliwaambia wamama wengine waache mayai. Kwa nini? Kwa sababu foleni ni ndefu, na neno "acha mayai" linachukua sekunde tatu. Kuuliza mtoto analala wapi kunachukua dakika kumi.

Kwa hiyo ninapowasema watu wa afya, najisema na mimi.

Sasa tuelewane pumu ya ngozi ni nini. Ngozi ya mtoto huyu ni kama ukuta ambao udongo kati ya matofali umelegea. Maji yanatoka, ngozi inakauka. Vitu vya nje vinaingia, kinga ya mwili inashtuka, inawasha. Mtoto anajikuna, anabomoa ukuta zaidi, vinaingia vingi zaidi. Ndiyo mzunguko wenyewe. Mara nyingi ni ya ukoo: mzazi mmoja ana pumu ya kifua, au mafua ya mzio yasiyokwisha, au alikuwa na ngozi hiyo hiyo utotoni. Haiambukizi. Na kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri uone wekundu kama wa picha za vitabuni. Utaona rangi ya kijivu, au weusi wa zambarau, au vipele vidogo vigumu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Je, chakula hakihusiki kabisa? Kinahusika kwa baadhi, hasa wachanga ambao ngozi yao ni mbaya sana. Ila mzio wa kweli wa chakula huwa haujifichi sana. Mtoto anakula yai, ndani ya dakika chache hadi saa mbili anavimba midomo, anatoka mabaka yaliyoinuka, anatapika, anakohoa au kupumua kwa shida. Huyo ni wa hospitali, na usimjaribu tena nyumbani. Lakini "alikula yai Jumapili akajikuna Jumatano" si ushahidi. Jumatano angejikuna hata angekula hewa.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kumnyima chakula mtoto mwenye pumu ya ngozi kunaweza kumletea mzio ambao hakuwa nao. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watoto 640 wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Wengine walilishwa vyakula vya karanga tangu uchanga, wengine walizuiwa mpaka umri wa miaka mitano. Waliolishwa mapema, mzio wa karanga ulipungua kwa takribani asilimia 80. Tumbo linafundisha mwili kukizoea chakula. Ngozi iliyopasuka inafundisha mwili kukiogopa. Sisi tunafunga mlango wa tumbo na kuacha wa ngozi wazi, halafu tunashangaa.

Onyo: kama umemnyima mtoto yai au maziwa kwa muda mrefu na ngozi yake ni mbaya, usimrudishie kwa mkupuo leo jioni kwa sababu umesoma hapa. Mlete, tumrudishie kwa mpango. Nimesema mlete.

SEHEMU YA 3: Mgeni anayelala nanyi

Kama umefuga kuku unawajua utitiri. Kuna ndugu zao wanaitwa utitiri wa vumbi. Hawaumi, hawanyonyi damu, huwezi kuwaona kwa macho. Urefu wao ni kama theluthi moja ya milimita. Wanakula magamba ya ngozi tunayopukutisha wenyewe. Hawanywi maji, wanafyonza unyevu wa hewani. Sasa niambie: joto, unyevu na magamba ya ngozi vinapatikana wapi kwa pamoja? Kwenye godoro, mto, blanketi, sofa la kitambaa, zulia, na yule mdoli wa manyoya mtoto anayelala amemkumbatia.

Na mtoto mwenye pumu ya ngozi anapukutisha magamba kuliko wenzake. Anawapikia mwenyewe.

Sisi wa Pwani, yaani Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, tumekaa kwenye unyevu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Ukiona shati linaota ukungu kabatini, jua utitiri wanafanya harusi.

Tatizo kubwa si wao wenyewe, ni kinyesi chao na miili yao iliyokauka na kusagika. Kile kinyesi kina vimeng'enya vinavyoweza kukata protini. Kwa hiyo havisubiri ukuta ubomoke, vinasaidia kuubomoa. Ukikung'uta shuka ndani ya chumba, ukifagia kavu, mtoto akirukaruka kitandani, vumbi hilo linapanda hewani, halafu linatua. Linatua wapi? Usoni, kwenye kope, shingoni, mikononi. Kinachoelea hewani kinapiga kwanza mahali pasipofunikwa na nguo.

Si maneno yangu. Mwaka huo huo wa 2015, watafiti wa Hannover, Ujerumani, waliwaweka watu wazima wenye pumu ya ngozi na mzio wa nyasi kwenye chumba maalumu. Wengine wakapuliziwa chavua ya nyasi, wengine hewa safi. Waliopuliziwa chavua ngozi iliharibika zaidi, hasa sehemu zilizokuwa wazi. Hewa tu. Hakuna aliyekula kitu.

Utitiri hawako peke yao. Mende: mate yao, kinyesi na mabawa yaliyosagika nyuma ya jiko. Ukungu kwenye ukuta unaovuja. Paka: chembe zake ni nyepesi mno, zinaelea hewani kwa saa nyingi na kukaa nyumbani miezi hata baada ya paka kuhama. Chavua ya nyasi baada ya mvua.

Dalili za kukufanya uitilie shaka hewa: vipele vimekaa usoni, kope na shingo kuliko tumboni. Anaamka na hali mbaya kuliko alivyolala. Anapiga chafya asubuhi mfululizo, anasugua pua na macho. Akienda kwa bibi kijijini wiki mbili ngozi inatulia, akirudi inalipuka. Hiyo ya mwisho wamama wengi mnaisema wenyewe halafu mnamalizia, "labda maji ya kule ni mazuri." Mama, kule analala juu ya mkeka.

SEHEMU YA 4: Moshi wa heshima

Hapa najua nitapoteza marafiki.

Moshi si mzio, tusichanganye. Moshi ni muwasho: unachokoza ngozi na njia za hewa hata za asiye na mzio wowote. Kwa mtoto ambaye ukuta umeshalegea ni kumwaga chumvi kwenye kidonda.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wake ukakuta kuwa duara moja linatoa chembechembe ndogo sawa na kuchoma sigara 75 mpaka 137. Soma tena. Hakuna mama hapa angemruhusu shemeji avute sigara hata mbili mbele ya mtoto mchanga. Lakini duara tunaliweka uvunguni, tunafunga dirisha, tunazima taa.

Sisemi mtoto aumwe na mbu, malaria inaua. Nasema neti. Neti yenye dawa, ichomekwe vizuri chini ya godoro. Neti inakinga na haitoi moshi. Ioshe kwa sabuni laini ikichafuka, maana nayo inashika vumbi, na ianike kivulini, jua linaua dawa yake.

Udi na ubani. Mimi ni mtoto wa Pwani, nimezaliwa nyumba ya udi, sina ubavu wa kuukataza. Lakini kufukiza nguo za mtoto mwenye ngozi hii, halafu ukamvalisha zile zile? Kumpitisha juu ya chetezo eti anukie? Hapana. Choma udi wako akiwa amelala kwa bibi, fungua madirisha, arudi hewa ikiwa imetulia. Marashi na poda yenye harufu navyo mwilini mwake visiguse. Mtoto hahitaji kunukia. Anahitaji kulala.

SEHEMU YA 5: Wanaokula kupitia ngozi ya mtoto wako

Kuna wale wenye mashine. Unashika kile kichuma mkononi dakika moja, kompyuta inatoa kurasa kadhaa: ini limechoka, figo zina sumu, mtoto ana aleji ya vyakula 40. Halafu, bahati iliyoje, virutubisho vya kutibu vyote wanavyo hapo hapo, laki mbili na nusu. Hakuna kichuma cha kushika mkononi kinachopima mzio. Mzio unapimwa kwa kuchoma ngozi kidogo kwa tone la kitu chenyewe, au kwa damu, na bado mtaalamu lazima alinganishe majibu na historia ya mtoto. Kipimo kusoma "ndiyo" hakutoshi. Wapo watoto wengi kipimo kinasema yai, na yai wanakula vizuri tu.

Wapo wa krimu za mchanganyiko. Bomba moja lina dawa kali ya steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki. Unapaka siku tatu ngozi inang'aa, unamshukuru Mungu na muuzaji. Unaacha, inarudi na hasira. Unapaka mwezi, miwili, mpaka usoni. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea. Kama kumbe ilikuwa fangasi, inasambaa imejificha. Kama ilikuwa upele wa kuambukiza, ule nyumba nzima mnajikuna usiku hasa katikati ya vidole, mnabaki mnaambukizana.

Lakini msiende upande wa pili mkaiogopa steroidi kama sumu. Ikiandikwa na mtaalamu, nguvu inayofaa umri na sehemu ya mwili, kwa siku zilizopangwa, ndiyo dawa inayozima moto. Nimeona watoto wakiteseka miezi kwa sababu mama aliambiwa "hiyo ina madhara" na mtu anayeuza mafuta yake mwenyewe.

Na wapo wapya, wameibuka baada ya watu kuanza kusikia habari za vumbi: wauza mashine za kusafisha hewa na makava ya godoro ya bei ya kodi ya miezi mitatu. Nawaambia ukweli hata kama unapunguza makali ya hoja yangu: tafiti za kufunika magodoro zimetoa matokeo mchanganyiko, wengine wanapata nafuu ndogo, wengine hawaoni tofauti. Hewa ni kichochezi. Haikuleta ugonjwa peke yake na kuisafisha hakutauondoa peke yake. Kwa hiyo usikope. Hoja yangu ni nyepesi: kukagua godoro hakumkondeshi mtoto. Kumnyima yai kunamkondesha. Kama lazima uanze kubahatisha, anza na lile lisilomdhuru.

SEHEMU YA 6: Haya, leo jioni ufanye nini

Kwanza mafuta, kabla ya yote. Ukuta ukizibwa, hata vumbi likitua halipati pa kuingilia. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale ya bei rahisi kabisa. Ya nazi safi pia yanafaa watoto wengi. Ya zeituni hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliyapima wakakuta yanadhoofisha ukuta wa ngozi. Mwogeshe kwa maji vuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni kidogo isiyo na harufu kwenye makwapa na makalio tu. Mkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue, halafu mpake ngozi ikiwa bado na unyevu. Mara mbili kwa siku au zaidi, mwili mzima, si penye vipele tu. Kama kopo linakaa miezi mitatu, hupaki, unanusisha.

Pili godoro. Litoe nje jua kali, upande huu na huu. Jua linakausha unyevu wanaoutegemea. Lipigepige huko huko nje, mtoto akiwa mbali. Ile nailoni ambayo godoro lilikuja nayo ni kava tosha kama haijachanika na inabana vizuri, shuka ikafungwa imara juu yake. Iliyolegea au kuchanika itoe, ni hatari kwa mchanga kukosa hewa.

Tatu, shuka na foronya za mtoto zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana. Nyuzi 60 zinawaua utitiri. Najua bei ya mkaa na gesi, kwa hiyo anza na za mtoto pekee. Mto wa sufi umpe pole na kwaheri. Mtoto chini ya mwaka hahitaji mto kabisa. Mdoli wa manyoya, mfue au muweke kwenye nailoni, umlaze kwenye friza siku nzima, kisha umfue.

Nne, deki na futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Wakati wa usafi mtoto awe nje. Fungua madirisha mchana. Kapeti la chumba analolala likunje, ukipenda liweke sebuleni kwa ajili ya wageni.

Tano, kata kucha zake.

Na uje hospitali haraka ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali, homa, au malengelenge madogo yanayouma na kusambaa upesi. Hayo hayasubiri Jumatatu.

Mtaniuliza, mbona baba hajatajwa? Namtaja sasa. Baba, kulibeba godoro kulitoa nje ni kazi yako. Usimwachie mama abebe mtoto, godoro na lawama. Na mama mkwe wangu mpendwa unayesoma hii kwa simu ya mjukuu, unapomwambia mkeo wa mwanao "umekula nini wakati wa mimba," unamvunja mtu ambaye hajalala miezi sita.

Yule binti wa Sehemu ya 1 tumemrudishia chakula kidogo kidogo pale pale wodini, tukimwangalia. Samaki alipita. Maharage yalipita. Yai lilipita, lote, akaomba lingine. Ngozi haijapona, sitawadanganya. Anapakwa mafuta, ana dawa yake ya siku saba, na godoro limeota jua. Jana mama yake kanitumia meseji ya mstari mmoja: "Sista, jana kalala mpaka saa kumi na mbili, na mimi nimelala."

Mtumie huyu mama mwingine unayemjua anayemnyima mtoto yai. Halafu nenda ukaliangalie godoro lako.